Mti wa Shaba wa Bethania

Watoto wote wa wilaya yetu tuliokula chakula cha mchana shuleni tulimjua Mama Ardis Kvamme kabla ya kujua kusoma. Alikuwa mpishi mkuu, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale kwa masufuria. Hakutupa mkate. Mkate wa Jumatatu ulirudi Jumatano ukiwa na maziwa na mdalasini, na anayebisha aliambiwa, "Kula, mwanangu. Njaa ndiyo haina ladha." Alistaafu nikiwa sekondari, lakini kanisani aliendelea kuwa yule yule: mtu wa kutunza, wa kufunika, wa kuweka akiba.

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo. Alizaliwa kwenye shamba la ngano upande wa magharibi wa mji, na alipokuwa msichana bei ya ngano ilianguka huku riba ya benki ikipanda. Baba yake aliuza kipande cha kaskazini ili kulipa deni la kipande cha kusini, kisha akauza cha kusini ili kununua mbegu za kile kilichobaki. Mama Ardis alikuwa akisema kwamba baba yake alikuwa kama mtu anayebomoa mbao za nyumba yake kuwashia moto wakati wa theluji. Alipata joto kweli, mpaka siku alipokosa ukuta. Huku Dakota ya Kaskazini, watu wengi wa umri wake wana hadithi kama hiyo, ila wengi hawaisimulii. Yeye aliisimulia, na ndiyo iliyomfanya awe mwalimu.

Mumewe, Lowell, alifariki wakati wa mavuno, akiwa kwenye usukani wa lori la ngano lililosimama kwenye foleni ya ghala. Moyo ulisimama. Madereva waliokuwa nyuma yake walidhani amesinzia, wakapiga honi. Watu walipoleta bahasha za rambirambi, Mama Ardis hakutaka maua. Aliliomba baraza la usharika wetu wa Kilutheri wa Bethania lianzishe mfuko wa wakfu. Fedha zitakazotolewa zingewekwa, zisiliwe, na faida yake peke yake ndiyo itumike. Baraza lilikubali. Hakukuwa na mjadala, kwa sababu kwetu mtu aliyefiwa habishiwi.

Wazo la mti alilipata Iowa, kwenye mkutano wa sharika mbalimbali zilizokutana kufundishana uwakili wa mali ya kanisa. Katika kanisa walilokutania kulikuwa na mti wa mbao uliochongwa na kugongomelewa ukutani, na kwenye matawi yake majani ya shaba. Kila aliyefariki na kuachia mfuko chochote, jina lake liliandikwa kwenye jani. Mama Ardis alisimama mbele ya mti ule mpaka chai ikaisha.

Mtunza hazina wa usharika ule, mzee mmoja mpole, alimmiminia kahawa na kumwambia, "Mti ni mzuri kwa kukusanya, dada. Ila mkiandika sheria zenu, andikeni na namna ya kuufungua mfuko. Sisi tulisahau."

"Kuufungua? Sasa mnaufunga ya nini?" aliuliza Mama Ardis.

Mezani wakacheka. Mzee naye akacheka, akamsukumia sahani ya keki. Miongoni mwa watu wetu, mtu akishakusukumia keki, mazungumzo yameisha.

Kwa hiyo sheria ya Bethania iliandikwa fupi na ngumu. Mtaji hautaguswa. Faida itatumika kwa jengo, samani za kanisa na makaburi, basi. Kuibadilisha kulihitaji theluthi mbili ya washarika kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mti ulichongwa, ukawekwa kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, na jani la kwanza, lililo karibu na shina, likawa la Lowell.

Kisha akaanza kufundisha. Kila msimu wa vuli sharika za eneo letu hukutana siku moja, safari hii kwa huyu, safari ijayo kwa yule, kupeana ujuzi: nani anaweka fedha wapi, hundi itiwe sahihi na wangapi, wazee waombwe vipi kuukumbuka mfuko katika wosia bila kuonekana kwamba tunasubiri wafe. Mama Ardis hakuwa na maneno mengi, lakini chumba chote kilimsikiliza.

"Wapendwa, kila jani pale ni mtu," alikuwa akisema. "Ukigusa mtaji, umeng'oa jani. Sasa niambieni, nani kati yenu ataamka Jumapili asubuhi, avae suti, aende kumng'oa bibi yake ukutani?"

Watu walicheka, halafu waliacha kucheka. Waliporudi makwao walichonga miti. Nimehesabiwa sharika nyingi zilizofanya hivyo, na karibu zote zilinakili na sheria yetu, neno kwa neno.

Mfuko wetu ulikua. Paa lilibadilishwa, madirisha ya rangi yakasafishwa, tukanunua tanuri jipya la kupashia kanisa joto. Ila wakati huo huo sahani ya sadaka ilianza kurudi madhabahuni ikiwa nyepesi. Hakuna aliyekusudia uchoyo. Mtu alipofikiria kuongeza sadaka alikumbuka kwamba mfuko upo. Mvua ya mawe ikiharibu ngano, alipunguza sadaka akijua mfuko upo. Vijana wakahamia Fargo na Minneapolis, wazee wakaendelea kufa, na kila msiba ulileta jani jingine. Mabenchi yalipukutika huku mti ukichipua.

Hatimaye tukabaki na mchungaji wa nusu wiki, Mchungaji Kari Lindbo, mama kijana aliyeendesha gari kwenye barafu kuja kutuhudumia, akihubiri akiwa na buti za theluji chini ya kanzu. Majira ya baridi yaliyopita baraza lilitangaza kwamba sadaka haitatosha kumlipa zaidi ya mwezi wa Juni. Bila mchungaji hakuna ibada, na bila ibada Bethania ingefungwa. Fedha za mfuko, ambazo hazikuruhusiwa kugusa mshahara, zingeweza kumlipa kwa miaka mingi.

Mama Ardis ndiye aliyetamka kile ambacho wengine tulikifikiria tu. Alikwenda jikoni kwa LaVonne Haugen, rafiki yake tangu kipaimara, akamkuta akisukuma lefse, zile chapati zetu za viazi.

"LaVonne, shoga yangu, nataka tuufungue mfuko."

LaVonne aliacha kusukuma. "Wewe? Ardis wewe? Ngoja nikae."

"Kaa. Nitatoa hoja kwenye mkutano mkuu. Wewe uiunge mkono tu. Neno moja."

"Verlyn atakurukia."

"Verlyn hajamrukia mtu tangu aoe. Atanisuta, basi. Utaniunga mkono?"

"Sasa nisipokuunga mimi, nani akuunge? Shika hii, ipake siagi kabla haijapoa."

Mkutano mkuu ulifanyika baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa, kama kawaida. Meza ndefu zilijaa mabakuli ya viazi na nyama yaliyotoka kwenye oveni, na birika kubwa la umeme lilikuwa likikoroma kwenye kona. Mwenyekiti alikuwa Verlyn Opdahl, meneja mstaafu wa ghala la nafaka, ambaye pia aliongoza wadhamini wa mfuko. Si mtu mbaya. Theluji ikianguka, yeye ndiye huwasafishia wajane njia bila kuombwa, na ukimshukuru hukimbia.

Mama Ardis alisimama akaisoma hoja yake. Alieleza kwamba sheria aliiandika yeye, na kwamba sasa anaomba ibadilishwe ili sehemu ya mtaji ilipe mchungaji. Aliketi.

"Haya," alisema Verlyn, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Leo tumeyaona. Mama Ardis mwenyewe! Si ndiwe uliyetufundisha kwamba kila jani ni mtu?"

"Ndimi."

"Basi tusaidie. Tutaanza kung'oa lipi? La mama yangu? Maana la mama yangu liko chini, linafikika bila ngazi."

Watu walicheka kidogo, wakiangalia vikombe. Mama Ardis hakucheka. Alifungua mkoba wake, akatoa bisibisi, akainuka, akapanda ngazi. Tulimsikia juu ya vichwa vyetu, hatua zake zikivuka kanisa mpaka kwenye ukumbi wa kuingilia. Mchungaji Kari alikuwa ameinamisha uso. Kisha hatua zilirudi.

Aliweka jani la Lowell mezani, kando ya sahani ya biskuti, mbele ya Verlyn.

"Anza na hili," alisema. "Lowell alikuwa akikaa benchi la tatu. Akifufuka leo akakuta paa zuri na hakuna anayeimba chini yake, atauliza ni mjinga gani aliyetunza vile. Nitamwambia ni mimi. Haya, Verlyn, endesha mkutano."

Verlyn alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema kwa sauti ya chini, "Hoja imetolewa. Inahitaji wa kuiunga mkono ili ijadiliwe. Nani anaiunga?"

Watu wa nje wangetarajia ugomvi. Kwetu hakuna ugomvi. Kwetu mtu akipinga jambo hunyamaza, na akiliafiki pia hunyamaza kwanza, akisubiri asiwe yeye wa kwanza kujitokeza. Nikitazama nyuso zile nilikuwa na hakika, na nina hakika hata sasa, kwamba zaidi ya nusu yetu tulitaka hoja ipite. Mimi sikuwa na sauti ya kisheria. Nilikuwa nimehamishia jina langu usharika wa chuoni. Wenye sauti walikuwa wakichunguza mistari ya kitambaa cha meza. Mama Ardis alimgeukia LaVonne. LaVonne alikuwa akikoroga kahawa yake, ingawa huwa haweki sukari.

"Nani anaiunga?" Verlyn alirudia. Alingoja sana, lazima niseme hivyo ili kumtendea haki. Nadhani naye alitamani mtu aseme. Kisha akasema, "Hoja imekosa wa kuiunga. Imeanguka. Kahawa bado ipo, wapendwa, msiache imwagwe."

Jambo lililofuata lilikuwa zulia la njia ya katikati, lililokuwa limechakaa. Zulia ni samani, kwa hiyo faida ya mfuko iliruhusiwa kulinunua. Hoja ya zulia ilipata mikono yote.

Huko nje, kwenye maegesho, LaVonne alimfuata akiteleza kwenye barafu.

"Ardis! Ardis, subiri basi. Usinichukie."

"Sijakuchukia."

"Nilidhani mtu mwingine atasema. Ningesema mimi, ingeonekana kama tumepanga."

"LaVonne, tulipanga."

"Ndiyo, lakini ingeonekana." Alijifuta pua kwa glavu. "Halafu jani la mama yangu liko karibu na la Lowell. Nilivyoona ile nafasi tupu kwenye mawazo yangu, ulimi ukagoma. Nisamehe, shoga."

"Ingia garini, utaanguka," alisema Mama Ardis, akampeleka nyumbani. Njiani waliongea habari za nyonga ya LaVonne.

Mchungaji Kari alihubiri kwa mara ya mwisho mwezi wa Juni, akiwa amesimama kwenye zulia jipya. Alipata usharika mwingine, mbali, Montana. Bethania ilifungwa siku hiyo, na wengi wetu tuliandikishwa Betheli, usharika wa mji jirani. Mfuko haukufungwa. Wadhamini walibaki, kwa kuwa sheria iliwataka walitunze jengo na makaburi, na sheria haikusema kwamba jengo lazima liwe na watu. Nyasi zinakatwa. Tanuri linawashwa majira ya baridi ili mabomba yasipasuke. Ukipita barabarani utadhani ibada ni kesho.

Vuli iliyofuata, mkutano wa sharika ulikuwa zamu ya Betheli. Nao walikuwa wamepania kuanzisha wakfu, na mwenyekiti wa kamati yao, Erik Tangen, kijana mwenye kampuni ya bima, alimwomba Mama Ardis afundishe kama zamani. Alikubali. Mimi nilidhani hatakwenda. Alikwenda na LaVonne, na kwenye mkoba wake kulikuwa na jani lile, maana tangu siku ya mkutano hakulirudisha ukutani.

Alisimama mbele ya chumba kilichojaa watu wa makanisa mengi, akaliweka jani mezani.

"Mliwahi kunisikia nikisema msiguse mtaji," alisema. "Nilikosea, na mlioninakili mmenakili kosa. Mfuko wetu haukuibwa wala haukupotea, uko salama kabisa. Usharika ndio umekufa. Watu wangu waliacha kutoa kwa sababu niliwapa kitu kitakachotoa badala yao. Nikawafundisha pia kuwaogopa marehemu kuliko kumsaidia mchungaji aliye hai. Mkiandika sheria, andikeni jinsi ya kuufungua, na mwandike siku ambayo mtalazimika kujiuliza kama muufungue. Msingoje mtu mmoja ajitokeze. Hatajitokeza. Mimi nilikuwa na rafiki wa miaka yote, na hakujitokeza."

LaVonne, katika mstari wa pili, aliangalia mikono yake.

Watu walipiga makofi kwa heshima. Erik alisimama. Alikuwa ameguswa, tuliona.

"Asante sana, Mama Kvamme. Ushuhuda mzito. Hilo la kufungua tutaliangalia baadaye, mti ukishapanda ukutani. Kuna maswali?"

Mama mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mimi nilitaka kujua, yale majani mlifungia skrubu za aina gani? Sisi yetu yanalegea."

Ningependa kuandika kwamba Mama Ardis alikasirika. Lakini alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kumwacha mtu aliyeuliza bila jibu. Alimtazama yule mama, akafikiri, akamjibu.

"Skrubu za shaba, fupi. Za chuma zitaota kutu na kuchafua ukuta. Na toboa kwanza, usigongee."

Chumba chote kikaandika.

Hapo Verlyn Opdahl, aliyekuja akiwa mdhamini wetu, aliinuka polepole. Alitaka kufanya wema, nina uhakika. "Na kuhusu lile jani, Mama Ardis, usiwe na wasiwasi. Ile nafasi ilikuwa inatuuma wote. Tumeagiza jingine, nimelifunga mwenyewe wiki jana. Faida imelipa, maana mti ni samani. Jina lake lile lile, tarehe zake zile zile. Linang'aa kuliko mengine yote."

Makofi ya safari hii yalikuwa makubwa. Wengine walisimama. Mama Ardis alichukua jani la zamani kutoka mezani, akalirudisha mkobani.

"Asante, Verlyn," alisema, kwa sababu kwetu ndivyo inavyosemwa.

Wakati wa kurudi alipitia Bethania. Alijaribu ufunguo wake wa miaka yote, ukagoma. Wadhamini walikuwa wamebadilisha kitasa kwa usalama wa jengo. Akaenda kwenye dirisha dogo la ukumbi wa kuingilia, akaweka mikono pembeni ya uso, akachungulia. LaVonne alijikokota kwa fimbo akasimama karibu naye, akachungulia pia. Ndani, zulia lilikuwa jekundu, kana kwamba halijakanyagwa. Mti ulikuwa umejaa, hauna pengo hata moja, na karibu na shina jani la Lowell liling'aa kama sarafu mpya.

Walikaa hapo mpaka kioo kikafunga ukungu kwa pumzi zao. LaVonne ndiye aliyenisimulia haya, na aliposimulia hakujaribu kujitetea.

"Limekaa vizuri lakini," alimwambia rafiki yake. "Pale pale karibu na la mama."

"Si baya," alijibu Mama Ardis, akaenda kuwasha gari.